Kabati la Simba Jike

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimelisema hili mara nyingi mbele ya watu, na waliocheka walikuja baadaye kuniomba kazi. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akalala kambini chini ya turubai lenye matundu, akafika Sydney hajui hata kuuliza choo kiko wapi, kisha leo ana karakana yake Wetherill Park na jina lake limeandikwa mlangoni, atashangazwa na nini? Nimeona kanali akilia. Nimeona mtu mwenye digrii mbili akishindwa kupigilia msumari ukanyooka. Kwa hiyo mwezi uliopita, simu ilipolia nikiwa kwenye msumeno, nikasikia sauti ya mke wa Papa Josué, aliyekuwa mzee wa kanisa letu la zamani, akisema, "Papa Benita, mzee ametuacha. Alisema msalaba wake utoke mu mikono yako," sikushangaa. Nilizima msumeno tu, nikakaa. Nilikaa juu ya benchi la mbao nyekundu ambalo vijana wangu hulitumia kulia chakula cha mchana, na benchi hilo ndilo lililonirudisha kwenye mwaka ule wa korona, wa kufungiwa, mwaka ulionifundisha kuliko madarasa yangu yote manne.

Tulikuwa tunakaa Guildford, katika nyumba ya kuta nyembamba. Nyuma ya uwanja kulikuwa na kijumba cha chumba kimoja na jiko, nilichokikarabati mwenyewe, bomba na sakafu na kila kitu, na mpangaji wetu humo alikuwa Njeri, Mkenya, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Mke wangu alimpenda kwa sababu hakuchelewesha kodi na hakupiga muziki. Mwaka ule helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mitaa yetu ya magharibi kama nzi juu ya sahani, askari waligonga milango kuuliza nani yumo ndani, na wageni walikatazwa kabisa. Mimi sikufungiwa. Natengeneza paleti, yale majukwaa ya mbao yanayopangiwa mizigo kwenye maghala, na nchi nzima iligundua ghafla kwamba bila paleti maziwa hayafiki dukani. Kila asubuhi nilipita barabara tupu na barua yangu ya ruhusa kwenye kioo cha gari, nikijisemea: tazama, mtoto wa Bukavu, mawaziri wamefungiwa na wewe unatembea.

Kabla ya kufungiwa huko, Njeri alikuja kunikuta nikinoa patasi. "Baba Benita," akasema, maana Wakenya hawasemi Papa, "unaweza kunitengenezea kabati kadogo? Milango miwili, na komeo katikati. Iwe kitu safi, si ya kuweka viatu." Nikamuuliza la kuwekea nini. "Vitu vyangu vya maana." Nikafikiri pasipoti na dawa, vitu ambavyo kila mhudumu huficha. Nilikuwa na mbao za mwerezi mwekundu zilizotoka kwenye kreti ya mashine, mbao ambazo seremala mwingine angezipaka rangi na kuziua. Nililitengeneza kabati lile bila msumari hata mmoja, pembe zimeng'atana kama meno, milango inafunga bila sauti. Na kwa sababu nilijua nimefanya kazi ambayo hapa Sydney yote hawapo wawili wa kuifanya, sikuiweka alama yangu chini ya kitako kama kawaida. Nilichoma herufi zangu kwa chuma cha moto ndani, juu kabisa, ili kila atakayefungua aanze kuniona mimi. B.M. Bisimwa Murhula. Hata kwaya ya kanisa inaijua alama hiyo, kwa sababu iko kwenye kila paleti iliyobeba spika zao.

Shida ilianza na sauti. Mke wangu, Mama Benita, alisimama dirishani na kikombe cha chai akasema, "Ule iko na mtu mule ndani." Nikamwambia haiwezekani. "Banaongea kila asubuhi. Nasikia anamusalimia. Na kuna moshi." Kuingiza mtu kwa siri wakati ule kulimletea faini mwenye nyumba pia, kwa hiyo niliuvuka uwanja kwa kisingizio cha bomba linalovuja. Nilisikia kweli. Njeri alikuwa akisema taratibu, kama binti anayemwamsha mzazi: "Umeamkaje, Mama? Haya maji ni ya baridi. Huu mkate ni wa leo." Nikabisha. Alifungua akiwa amevaa kitambaa cheupe, miguu mitupu, barakoa usoni, na nyuma yake kabati langu lilikuwa wazi, taa ndogo imewaka, ubani unafuka, na ndani ameketi mwanamke wa jiwe jeusi mwenye kichwa cha simba. Juu ya kichwa hicho zilikaa herufi zangu mbili kama jina la bosi juu ya mlango wa ofisi.

"Bomba," nikasema.

"Bomba iko sawa, Baba Benita. Ingia tu, usisimame hapo kama polisi."

Sikuingia. Alinieleza nikiwa mlangoni, bila kuona haya, kama anayeeleza njia ya kwenda stesheni. Simba jike yule ni Sekhmet, mungu wa Misri ya kale, anayetuma magonjwa na anayeyaondoa, na waganga wa zamani walikuwa watumishi wake. Njeri alibatizwa akiwa mtoto kama mimi, akaimba kwaya, akaacha. Akasoma peke yake, akakutana mtandaoni na wengine wa Amerika na Uingereza wanaoabudu kama zamani zile. Asubuhi ananawa kwa maji ya magadi. Nikamwuliza magadi yapi, yale ya kulainishia maharage? "Hayo hayo. Wamisri walitumia hayo hayo kutakasia. Mama yangu alikuwa na mkebe mzima jikoni na hakujua ana hekalu." Akacheka. Akaniambia kwamba zamani simba huyo alitumwa kuwaadhibu watu, akanogewa na damu hadi dunia ikakaribia kwisha, na miungu wengine wakamwaga shambani pombe iliyotiwa rangi nyekundu. Akaidhania damu, akainywa, akalala.

"Kwa hiyo walimlewesha," nikasema.

"Walimlewesha kabisa. Ndiyo sisi tuko hapa."

"Na huo mkate? Anaula?"

"Anakula kwanza yeye, kwa njia yake. Halafu nakula mimi. Chakula hakitupwi, mimi ni Mkikuyu."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba Njeri anasali peke yake, hana mtu. Sikudanganya. Na moyoni nilijiambia kwamba mwenye nyumba anakodisha chumba, hakodishi roho. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mambo yatakwisha, kwa sababu mambo mengi niliyaamulia mimi yakaisha.

Kisha ugonjwa ukaingia kwenye ile nyumba ya wazee, na Njeri akaamriwa kujifungia ndani. Mke wangu ana moyo wa huruma. Alimpikia sombe, kisamvu chetu, na samaki, akamwekea bakuli kizingitini, na alipoinama aliliona kabati wazi kupitia pazia. Hakupiga kelele. Alipiga picha, akamtumia dada mmoja wa maombi na swali moja tu: hii ni nini? Kabla bakuli halijapoa, picha ilikuwa kwenye simu ya kila Mkongo kuanzia Guildford hadi Mount Druitt. Niliporudi kazini nilimkuta jikoni amekaa, sombe yetu haijaguswa, simu inatetemeka mezani kama mdudu aliyepinduliwa. "Papa Benita, batu ya kwaya banauliza juu ya ile alama mu mbao." Nikaweka funguo mezani. "Ni weye ulitengeneza nyumba ya shetani?" Nikamwambia nilitengeneza kabati. Binti yetu Benita, aliyekuwa akisoma kwenye kompyuta kule mwisho wa meza, alisema kwa Kiingereza chake kwamba ni kabati zuri, na mama yake akamfukuza chumbani.

Lazima ieleweke nilikuwa nani kanisani. Mwaka huo kanisa lilikuwa limepata ukumbi wa kudumu, baada ya miaka ya kukodi madarasa, na Papa Josué alinikabidhi mimi kazi ya mabenchi na mimbari. Nilikataa malipo ya kwanza. Nikasema mtanilipa mkishakalia. Nilinunua mbao za mwerezi mwekundu kwa fedha zangu, nikazikata, nikazisugua mpaka unaweza kupitisha kitambaa cha hariri juu yake, nikayapeleka mabenchi ukumbini kwa lori. Jina langu lilitajwa kila Jumapili kwenye ibada ya simu. Sasa Papa Josué alinipigia mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, aliyewahi kutuzikia watoto kambini kwa mikono yake, na mtu wa namna hiyo humkatizi maneno. "Ndugu," akasema, "simwogopi ule mama wa Kenya. Namuogopea weye. Aliyetengeneza ndiye anavunja. Uvunje, na yeye atafute fasi ingine." Nikamwuliza atapata wapi chumba, mhudumu wa wazee, mwenye karantini, wakati watu wanaogopa hata kupokea chenji? Akasema Mungu ataona. Nikasema nitafikiri. Hakuna aliyewahi kunisikia nikisema nitafikiri.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu alipiga simu kutoka Bukavu. Mama hapumui vizuri. Hospitali zimejaa, mtungi wa hewa unatafutwa kwa dola, na nilituma dola, na mtungi haukupatikana. Ndege hazikuwepo, hata zingekuwepo, ukitoka hapa ulihitaji ruhusa ya serikali. Mimi niliyepita barabara tupu na barua yangu nikagundua barua ile inafika Wetherill Park tu. Habari zilifika kanisani kupitia mke wangu, na Papa Josué akapiga tena. Hakunitisha. Alisema tu, kwa huzuni, "Unaona, ndugu? Vunja ile kitu, na mama atasimama." Mke wangu alikuwa akisikia. Alipiga magoti palepale, kwenye vigae vya jikoni, akanishika suruali. "Papa Benita, kama anakufa, na nyundo iko mu gari yako, utaniambia nini?"

Sasa wewe unayesoma, sema ungefanya nini. Nilichukua nyundo.

Ilikuwa asubuhi ya mvua ndogo. Njeri alikuwa amemaliza kujifungia kwake siku hiyohiyo, macho yamezama, na alipoona nyundo hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Ni kazi yako, Baba Benita. Lakini wacha nimfunge kwanza. Hatoki nje na milango wazi." Akazima taa kwa vidole. Akaula mkate uliokuwa mbele ya sanamu, taratibu, wote, na kuyanywa maji, huku mimi nimesimama na nyundo yangu kama mjinga. Akafunga mlango wa kushoto, wa kulia, akasukuma komeo. Halikutoa sauti. Kazi yangu ile! Kisha akafuta sakafu kwa kitambaa akirudi kinyumenyume, akifuta nyayo zake mwenyewe mbele ya kabati, akasimama kando.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

"Mama yangu."

"Pole sana. Anaitwa nani?"

Nikaihamishia nyundo mkono wa pili. Kwetu mtu mzima anaitwa kwa mtoto wake. Mimi ni Papa Benita hadi nife, na mama yangu alikuwa Mama Bisimwa kwa majirani, Koko kwa wajukuu, na kwangu Mama. Mtoto halitamki jina la mzazi wake hivihivi, ni kumvua nguo. Lini nililisikia mara ya mwisho? Labda siku karani wa kambi alipomwita kwenye mstari wa unga.

"Nsimire," nikasema. "Nsimire M'Kahasha."

Njeri akalirudia vizuri, bila kulivunja. "Nsimire M'Kahasha. Kwetu, kwa hii dini yangu, mtu akitajwa jina anakuwa yuko. Akiwa mzima anapata nguvu. Akienda, hapotei. Nitamtaja. Hata ukivunja, nitamtaja tu, siyo kabati inaongea." Akaketi kitandani akingoja nipige.

Niliangalia pembe zile zilizong'atana. Nitasema kweli, kwa sababu watu wamenitungia mengi: sikumwona malaika wala simba. Niliwaza kwamba mama yangu anakata roho upande wa pili wa dunia, na mtu wa kwanza katika mji huu wote kuniuliza jina lake ndiye ninayetaka kumtupa nje kwenye mvua. Nikaiweka nyundo kwenye sinki, nikaenda kazini.

Mama alikufa kesho yake.

Tulimzika kwenye simu. Benita aliiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, tukaona udongo, miguu ya watu, mwavuli, picha ikaganda, ikarudi, kaburi likawa limeshajaa. Jikoni kwetu hakuna aliyeweza kuja. Msiba bila watu, bila sufuria za kuazima, bila wanaume wa kukaa nje kwenye viti vya plastiki hadi asubuhi. Mke wangu alipika ugali, akakaa nao. Alilala na Benita, akanihama hivyo kwa ukimya, na ukimya wake ulikuwa ukisema kila nilichoogopa: ungevunja. Kanisani walituombea kwenye skrini, nyuso nyingi katika vijisanduku. Wakaomba kwa ajili ya mama ya Papa Benita. Wakafariji familia ya Papa Benita. Nilisikiliza hadi mwisho. Asubuhi yake, nikiwasha gari, dirisha la kijumba lilikuwa wazi, na nikasikia: "Nsimire M'Kahasha, haya maji ni yako." Nilikaa kwenye usukani, injini inanguruma, mpaka paleti za watu zikachelewa.

Serikali iliporuhusu watu wachache kukutana nje, Papa Josué alikuja na wazee wawili. Walisimama uwanjani wameachana kwa hatua, barakoa usoni, suti za Jumapili, na mke wangu akawaletea chai kwenye vikombe vya karatasi. Wakati wote pazia la kijumba lilikuwa limefungwa, na nilijua Njeri yuko ndani, mizigo yake imeshafungwa, anasikia. Papa Josué alinipa pole, akanisogezea bahasha ya rambirambi kwa ncha ya fimbo yake, kwa sababu ya ule umbali, na mmoja wa wazee akacheka kidogo kisha akajutia. "Tumekuja kulia pamoja na weye," akasema Papa Josué, "na tumalize ile kazi."

"Kwanza ombea mama yangu," nikasema.

Akavua kofia. "Bwana, tunakuletea mama ya Papa Benita…"

"Kwa jina lake, mzee."

Akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama chai. Nikamtazama mke wangu. Miaka ishirini alimwita Mama mkwe na Koko, na niliona midomo yake ikitafuta. Helikopta ilipita mbali, upande wa Fairfield. Papa Josué hakuwa mtu mdogo. Alirudisha kofia kichwani, akasema polepole, "Mungu anamujua."

"Mungu anamjua. Nyinyi je?"

"Na yule mama wa Kenya, anamujua?"

"Anamwita kila asubuhi, na kikombe cha maji."

"Kwa shetani wake."

"Mimi si wa simba yule, mzee, na sitakuwa. Lakini kabati halivunjwi, na mpangaji haondoki."

Alinitazama kwa muda mrefu juu ya barakoa yake. Nadhani alikuwa akinililia. "Basi mabenchi yako yarudi kwako," akasema. "Hatuwezi kukalia mikono ileile." Wakaondoka, na vikombe vya chai vikabaki vimejaa, vimepangwa juu ya ukuta wa tofali. Mke wangu alivimwaga kimoja kimoja kwenye majani. Kisha akauvuka uwanja, jambo ambalo hakulifanya tangu ile picha, akagonga kijumba. "Mama Njeri," akasema kwa sauti ya ukali, "fungua mizigo. Na uniambie hilo jina. Polepole, nilishike."

Njeri alikaa kwetu hadi aliponunua nyumba yake Mount Druitt, na kabati nililipakia mwenyewe kwenye gari, milango imefungwa. Sisi tulihamia kanisa lingine, ambako tunakaa nyuma. Kuna watu ambao hadi leo wakiniona sokoni wanageukia ndizi. Nilijenga biashara kubwa kuliko ukumbi wao, hilo wanalijua. Lakini mwezi uliopita, nilipokaa juu ya benchi lile na simu sikioni, nilimwuliza mjane, "Mama Josué, niandike jina gani?"

"Papa Josué."

"Hapana, mama. Jina lake."

Nikasikia wanawake nyuma yake, sufuria, mtoto akiitwa. Kisha akalisema, kwa aibu kama msichana: "Mugisho. Mugisho Cirhuza." Nililichoma kwenye mwerezi mwekundu, mbao niliyoitoa kwenye kiti cha benchi la mbele, lile nililokuwa nimemtengea yeye. Alama yangu niliiweka chini, sehemu inayoingia ardhini. Siku ya maziko mjane alifungua mkoba akauliza ni kiasi gani, nikamwambia mkoba ufungwe. Lakini mimi ni mfanyabiashara, na hesabu yangu ambayo hakuna aliyeilipa ninaijua kichwani: mbao za mabenchi na mimbari, vanishi, lori la kwenda na la kurudi, na msalaba juu yake. Dola elfu kumi na tatu, mia sita arobaini na mbili na senti hamsini.